Goti la Mama Mkwe

Jumanne. Hapa Kibamba mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, magharibi inakaribia, haijaamua kuacha. Njia ya kuingia kwetu imekuwa tope tupu. Dukani sijauza hata mfuko mmoja wa saruji, na kwa mara ya kwanza sijali. Rehema, mke wangu, yuko hospitali na mama yake. Mimi nimerudi kuwachukulia nguo, na badala ya kuchukua nguo nimekaa kwenye kiti cha mama mkwe hapa barazani, nimeitazama ile fremu yake ya kutembelea niliyorudi nayo, na nimeshindwa kuinuka.

Ninaogopa. Wacha niliseme hilo kwanza ili lisinisumbue huko mbele.

Alhamisi mama anapasuliwa mguu wa kulia. Wa kushoto ulishapasuliwa na una chuma ndani. Safari hii anapasuliwa kabla mguu haujavunjika, ili usivunjike, na daktari anasema tumewahi. Lakini yeye ni mtu mzima sana, na dawa ya usingizi kwa mtu wa umri ule si jambo la mchezo. Nimemwona daktari alivyosita kidogo kabla ya kusema "Inshallah".

Wengi mnaingia humu bloguni kusoma habari za zege, kokoto na mabati feki. Leo hakuna hayo. Leo naandika kwa sababu nimeagizwa, na aliyeniagiza nitamfikia.

Mama mkwe wangu ni Bi Zuhura, Mzaramo wa Temeke, mzaliwa wa Tandika, ambako nyumba yake ina kibaraza chekundu anachokisugua mpaka kinateleza. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Anayejua utani wetu ameshacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo mabegani, na Bi Zuhura hajawahi kunisamehe mizigo ile. Siku nilipokwenda kwao kujitambulisha, mbele ya wajomba wote, aliniuliza kama nimekuja kuoa au nimeomba mahali pa kutua mzigo. Tangu siku hiyo jina langu kwake ni Mpagazi. Nilipojenga Kibamba alikuja kuiona nyumba, akatazama ile barabara ya Morogoro, akasema, "Nilijua tu. Umemchukua mwanangu ukaanza safari ya kurudi kwenu kidogo kidogo."

Lakini mtani wangu huyo ni mkwe wangu vilevile, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Mkwe hana. Mimi na mama tunatupiana maneno kutoka mlangoni mpaka uani, watu wanacheka, lakini sijawahi kula naye sinia moja. Akitoka kuoga mimi napita njia ya nyuma. Kichwa chake sijawahi kukiona bila mtandio. Kuna maneno hayatamkwi kati yetu, na mimi, mtu wa bara niliyekulia kwingine, nilidhani maneno hayo nayajua yote.

Miaka mingi iliyopita mama aliteleza kidogo tu, akajishika ukutani, kifundo cha mkono kikavunjika. Akafungwa hogo la plasta. Baada ya hapo mgongo ukaanza kuuma na kupinda, na daktari aliyempima akasema mifupa yake imekuwa myepesi, imeliwa kwa ndani, kama inavyowatokea kina mama wengi umri ukishakwenda. Akamwandikia kidonge cha mifupa, kimoja kwa wiki. Kidonge kile kina masharti yake: unakimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, halafu usilale, ubaki wima kwa nusu saa.

Mama alikipangia Ijumaa. Kikawa Kidonge cha Ijumaa, kana kwamba nacho ni sunna. Alikuwa akishaswali alfajiri anakimeza, halafu anazunguka uani kumwagilia maua yake kwenye makopo mpaka muda uishe. Ramadhani alikuwa anaamka kabla ya wenzake wanaokula daku ili akimeze kwanza. Hakukikosa. Na kwa kweli mgongo ulitulia, akaacha kulalamika, akarudi kwenye ngoma za shughuli kama kawaida.

Daktari yule alihamishwa. Kidonge hakikuhamishwa. Kikiisha, mimi napeleka boksi tupu duka la dawa, naletewa jingine. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna wakati wa kurudi kwa daktari na kuuliza kama bado kinahitajika, na sisi hatukuuliza. Dawa ikikusaidia, unaiuliza nini tena?

Mwaka jana ndipo lilipoanza goti.

"Mpagazi, goti hili litaniua," aliniambia siku moja nimempelekea mchele. Nikamwambia ni ubishi wa Kizaramo umeshuka mguuni. Tukacheka. Lakini wiki ikapita, mwezi ukapita, akawa akitoka kitini anasimama kwanza na kukunja uso kabla ya kupiga hatua. Rehema ni mwalimu, ruhusa zake ni za shida. Mimi duka ni langu, nafunga nikitaka. Basi nikawa mimi ndiye wa kumpeleka hospitali. Majirani wa Tandika wakanisifu sana, wakasema mkwe kama yule ni mtoto wa kuzaa. Nilizipenda sifa zile.

Naingia naye kwa daktari, nakaa kiti cha pembeni, na kwa kuwa mama huwa mpole ghafla mbele ya koti jeupe, mimi ndiye ninayesema. "Mama anasumbuliwa na goti." Daktari anamgeukia, "Goti, bibi?" Mama anaitikia kwa kichwa. Tunapigishwa picha ya goti. Goti halina kitu cha kutisha, uzee wa kawaida tu. Tunapewa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Tukaenda kwingine, picha ya goti tena, majibu yaleyale. Mwisho nikamnunulia ile soksi ya kubana goti. Aliivaa kwa uaminifu mpaka ikafifia rangi, na goti la watu lilikuwa halina kosa lolote.

Ijumaa moja asubuhi nikapigiwa simu na mpangaji wake. Bibi kaanguka.

Kila mtu aliisimulia hivyo. Majirani waliombeba walisema kaanguka, tulipofika hospitali tukasema kaanguka, na faili likaandikwa hivyohivyo. Mtu mzima, uani kumelowa, makopo ya maua, unataka maelezo gani zaidi? Ni mama peke yake aliyekuwa akisema vingine. Alikuwa amelala pale, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi, jasho linamtoka, anarudia, "Sikuteleza. Niligeuka tu. Mguu uliniacha kwanza, ndio nikaenda chini." Tulimwitikia kama unavyomwitikia mtu mwenye maumivu makali. Mimi nilimwambia, "Sawa mama, tumesikia," na sikuwa nimesikia.

Alipasuliwa, akawekewa chuma. Tukamshukuru Mungu. Alipotoka tukamleta hapa Kibamba, maana Tandika hakuna wa kumwangalia mchana.

Siku ya kliniki tulimkuta daktari mwingine, kijana mdogo, umri wa wajukuu zake. Nilikwenda naye mimi, kama kawaida. Daktari akaiweka ile picha ya siku ya kuvunjika mbele ya mwanga, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akamgeukia mama, si mimi, akauliza, "Bibi, ulianguka ukavunjika, au ulivunjika ukaanguka?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya wageni. "Nilivunjika nikaanguka, baba," akasema. "Nimewaambia hawa, hawataki."

Daktari akanionyesha. Mimi si mtu wa hospitali lakini ufa naujua. Akasema wazee wakianguka mara nyingi huvunjika kule juu, karibu na nyonga, au mfupa unachanika kwa kuzunguka. Huu ulikuwa umekatika mlalo, moja kwa moja, katikati ya paja, na upande wa nje mfupa ulikuwa umenenepa pale pale ulipokatikia. Akauliza kama kuna dawa ya mifupa anayotumia. Nikajibu kwa haraka, na kwa fahari kidogo, kwamba yupo kwenye Kidonge cha Ijumaa, miaka yote hii, hajakosa hata mara moja. Daktari hakufurahi nilivyotarajia.

Alinieleza hivi, na naandika kama nilivyoelewa. Mfupa ulio hai kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Umri ukienda wabomoaji wanawazidi wajenzi, ndipo mfupa unakuwa mwepesi. Kidonge kinawazuia wabomoaji, na hilo ni jema, kimewaepusha wengi na kuvunjika nyonga na mgongo, na huenda kilimsaidia hata mama miaka ile ya mwanzo. Lakini kikitumika miaka mingi mfululizo, kwa watu wachache, kazi yote inasimama. Sehemu iliyochoka haiondolewi, mpya haiwekwi. Ufa mdogo usioonekana unabaki, mguu unaendelea kubeba uzito juu yake, na siku moja unakatika mtu akiwa amesimama tu. Ndio maana, alisema, dawa hii ikishafika miaka kadhaa inabidi daktari aitazame upya. Akaongeza, na aliinua kidole kabisa, kwamba anayeitumia asikimbilie kuitupa kwa sababu ya simulizi ya mtu mwingine. Aende akaulize.

Kisha akauliza swali ambalo leo nalisikia masikioni.

"Kabla haujavunjika, bibi, miezi ya nyuma, paja lilikuwa linauma? Au kwenye kinena?"

Alilitamka paja kama mtu anayesema meza. Mama akavuta mtandio wake, akatazama dirishani.

"Goti," akasema.

"Goti, daktari," nikadakia. "Goti tumehangaika nalo mwaka mzima, picha zote tunazo."

Daktari alikunja uso. Akasema kwa kawaida ugonjwa huu hutanguliwa na maumivu ya paja, wiki au miezi, na hupenda kushika miguu yote miwili. Akataka tukapige picha paja zima la kulia. Mama aligoma. Asubuhi ileile alikuwa ameshavuliwa na kulazwa kwenye meza ya eksirei na kijana wa kiume kwa ajili ya mguu wa kushoto, na akasema kwa leo inatosha. "Mguu huu ndio unaonibeba. Msiuandame na wenyewe." Mimi sikumbishia. Utamlazimisha vipi mkwe wako avuliwe nguo? Tukapewa tarehe nyingine. Daktari akaamuru kidonge kisimame, na akanitazama machoni: "Akisikia maumivu kwenye paja la kulia, msingoje tarehe. Mje siku hiyohiyo. Ule mguu ukikatika nao, kusimama tena itakuwa kazi kubwa."

Njiani mama alikuwa na hoja yake kuhusu kidonge. "Labda kimoja kwa wiki kimekuwa kidogo," alisema. Nilicheka. Yeye hakuwa anatania.

Wiki zikaenda. Akajifunza kutembea na fremu. Akaikosoa Kibamba yote, baridi yake, vyura wake, maembe yake yasiyo na ladha. Nikaona, na hili nililiona kweli, kwamba ameanza kuegemea mguu uliopasuliwa na kuuonea huruma ule mzima. Nikadhani ni mazoea ya fremu.

Jana jioni Rehema alitoka kumwogesha, akaja jikoni nilipokuwa nakuna nazi. Akasema mama analalamika, goti la kulia nalo limeanza.

Nilishusha pumzi. Haki ya Mungu, nilishukuru! Nikamwambia, "Afadhali. Daktari alisema paja ndio tukimbie. Goti tumeshalizoea."

Rehema alisimama na taulo mkononi. "Goti gani?"

"Goti tu. Kama lile lililokuwa linamsumbua tangu mwaka jana."

"Baba Mariamu. Kumbe huko kwa madaktari ulikuwaga unasema goti?"

"Mama mwenyewe ndiye anasema goti!"

"Mbele yako!" Sauti yake ilipanda, akaishusha ili mama asisikie. "We si mkwe wake? Ulitaka aseme paja mbele yako? Mama zetu sie mbele ya mkwe hawana paja, hawana kinena, hawana nyonga. Wana goti. Goti la mama likiwa mbele yako linaanzia kiunoni."

Niliiweka nazi chini.

Akaniambia kwamba mimi nilipokuwa narudi na kusema goti limepigwa picha, goti halina kitu, yeye alijua nazungumzia goti la kweli, maana mtu wa Tabora akisema goti ni goti. Alidhani la juu daktari ameshaliona. Mimi nilidhani mama anasema ninachosikia. Mama naye alidhani daktari, msomi yule, atajua tu kwamba mwanamke wa heshima aliyekaa na mkwewe akisema goti anamaanisha nini. Sote watatu tulikuwa tunasema Kiswahili.

Mwaka mzima wa paja, ulioandikwa kila mahali kuwa ni goti. Na aliyemziba mdomo ni mimi, kwa kukaa kile kiti cha pembeni nikijiona mkwe mwema kuliko wote.

Asubuhi ya leo Rehema alikuwa na zamu ya kusimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba, asingeweza kuomba ruhusa ya ghafla mpaka mwalimu mkuu afike. Tukakubaliana nitangulie na mama, yeye atatukuta huko. Akaniusia mlangoni, "Ukifika tu mwambie daktari ni paja. Usimwachie mama. Sema wewe, halafu utoke nje." Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Ndani ya gari la kukodi, mvua inapiga vioo, mama nyuma amenyoosha miguu kwenye kiti kizima, mimi mbele nalirudia neno kimoyomoyo. Paja. Paja. Mtu mzima mwenye watoto, ninayegombana na madereva wa malori ya mchanga kila siku.

Tuliingia. Daktari kijana alikuwepo. Shikamoo bibi, marahaba baba, habari za Kibamba. Halafu akanigeukia.

"Daktari," nikasema, "mama anaumwa mguu wa kulia. Hapa kwenye... siyo goti. Juu ya goti. Yaani juu kidogo. Juu zaidi ya hapo."

"Juu kiasi gani?"

Nikapeleka mkono kwenye mguu wangu mwenyewe ili nionyeshe, nikauondoa haraka kama nimeshika moto. Mama yuko pale ananitazama. Nikasema, "Huku kwenye... upande wa..." na neno halikutoka. Nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi kutoka Kibamba, na halikutoka. Nikasimama. "Labda mimi nitoke, mama aongee mwenyewe."

"Kaa," mama akasema.

Nikakaa.

"Utatoka uende wapi? Nikianguka nani atanishika, huyu mtoto wa watu?" Alikuwa ameishika fremu kwa mikono miwili. Hakunitazama mimi wala daktari. Aliitazama fremu. "Paja," akasema. "Paja linaniuma, baba. Hili la kulia, kwa nje, katikati. Nikikanyaga linachoma mpaka kwenye kinena. Na lile la kushoto liliuma hivihivi mwaka mzima kabla halijakatika. Halikuwa goti. Goti langu zima, wala halijawahi kuniuma."

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyangu vyenye tope.

"Haya, Mpagazi," akaongeza. "Umelisikia. Hujafa."

Sijafa, mama. Lakini nilitamani kulia, na nilipotoka kumngojea nje ya chumba cha eksirei nililia kweli.

Safari hii walipiga paja zima, kutoka juu mpaka chini. Daktari alituita wote wawili. Kulikuwa na kivimbe kidogo upande wa nje wa mfupa, mfano wa plasta iliyotuna ukutani, na kutoka hapo mstari mwembamba mweusi umeanza kuingia ndani. Haujavuka upande wa pili. Akasema huo ndio ufa, na kwamba mtu asiyeambiwa atazame wapi angeweza kupiga picha ya goti mpaka mwakani asiuone. Akasema asikanyage tena mguu ule, hata hatua moja, mpaka wamwekee chuma. Kuuwahi mfupa kabla haujakatika ni kheri mara nyingi kuliko kuuokota baada ya kukatika. Kupona kwake huwa kwa polepole, tusiwe na haraka.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama akasema. "Si ndivyo, Mpagazi? Au hamna huko kwenu?"

Nikasema ipo, mama.

Ikabidi ahamishwe kutoka kitandani kwenda kiti cha magurudumu apelekwe wodini. Muuguzi alikuwa peke yake. Mguu wa kushoto bado hauna nguvu, wa kulia hauruhusiwi kugusa chini. Muuguzi akatazama huku na huku akitafuta mwanamke wa kumsaidia, na mimi nikarudi nyuma hatua, kwa mazoea. Mama akaliona hilo. Akaufunga mtandio vizuri, akajifunika kanga miguuni, akanyoosha mikono kama mtoto.

"Haya," akasema. "Mzigo huu hapa. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe utashindwa na kikongwe kimoja?"

Nikambeba. Ni mwepesi mno. Sikujua mtu anayesema maneno mengi vile anaweza kuwa mwepesi kiasi kile. Nilimtua kwenye kiti polepole, na kwa muda mfupi mkono wake ulibaki shingoni kwangu.

Rehema alifika baadaye, amelowa chapachapa, akalia kwa ajili yetu sote. Nilipokuwa naaga nije kuchukua nguo, mama akaniita kitandani. Anajua kwamba ninaandika humu. Rehema huwa anamsomea, na mama huwa anasema bora niandike maana mdomoni sina lolote.

"Mpagazi, utaliandika hili?"

Nikamwambia siwezi, mama. Ni mambo yako ya ndani.

"Andika," akasema. "Tandika pale peke yake ninao wenzangu wanne wanaomeza kidonge kama changu, na wote wana magoti. Wana wakwe wazuri pia, wanawapeleka hospitali." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Ila andika neno lenyewe. Ukiandika goti sikutambui."

Mvua bado. Nguo zake nimeshazijua ziko wapi: kanga mbili, mtandio wa maua, msala. Ile soksi ya goti nimeikuta kwenye begi, imekunjwa vizuri. Sijui niitupe au niiweke.

Alhamisi nitakuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, na sijui nitamkuta nani akitoka. Namwomba Mungu anirudishie mtani wangu.

Paja, mama. Nimeandika paja.